Ukurasa wa Mwanzo wa Simu ya Mama

Jumatano, Nakuru. Baridi ya kukaa na koti ndani ya nyumba. Mvua ilianza alfajiri, ikaacha saa nne, na tangu hapo mawingu yamekaa tu juu ya mabati, hayanyeshi wala hayaondoki.

Nimekuwa nikiandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma. Blogu hii hupata msomaji mmoja kwa siku, na nilishaamua zamani kwamba ni mashine, zile zinazozunguka mtandaoni zikipekua kurasa. Mashine haikuhukumu. Ndiyo maana nimesema ukweli humu kuliko nilivyousema mahali pengine popote.

Leo nimejua nilikosea.

Baba mdogo Simiyu alifika jana kutoka nyumbani, magharibi, kuja kutuchukua. Jumamosi tunamzika kaka yangu Wafula. Nasema tunamzika, ingawa hatuna mwili. Ziwa Naivasha lilimchukua miezi kumi na moja iliyopita na halijamrudisha. Wazee wamesema imetosha. Utakatwa mgomba, utavikwa shati lake, utalazwa ndani ya jeneza, tutaulilia na kuuzika kando ya kaburi la babu. Ndivyo inavyofanywa kwetu mwili ukikosekana.

Leo baada ya chai, Mama alijifunga kitambaa kichwani akaenda kwenye ibada ya akina mama. Simu aliiacha kwenye chaji. Baba mdogo alingoja mpaka akasikia lango likifungwa, ndipo akaniita.

"Nasimiyu, wewe ndiye umesoma. Hiyo kitu mama yako anaangalianga kila asubuhi, itoe kwa simu."

Nikajifanya sijui ni kitu gani.

"Ile ya maiti," akasema. "Mtu hawezi zika mgomba Jumamosi halafu Jumapili anaamka kutafuta. Hata mgomba wenyewe utatucheka. Itoe. Akiuliza, sema ni network."

Ukurasa huo niliutengeneza mimi.

Simu ya kwanza ya Mama iliharibika maji ya ziwa yalipofurika na kutufukuza Kihoto, mtaa tuliokuwa tukiishi kule Naivasha. Baadaye, Wafula alipopotea, akina mama wa kanisa walimnunulia nyingine, kubwa. Baba mdogo huiita sahani ya ugali. Mama aliiogopa. Kila alipofungua kivinjari kilimmwagia habari ambazo hakuziomba: mashua imezama mahali fulani, mwili umeopolewa kwingine. Simu ilikuwa imetambua tunachotafuta kutwa kucha, ikadhani ndicho tunachokipenda.

Kwa hiyo siku moja niliketi naye kitandani, nikaingia kwenye mipangilio ya ukurasa wa mwanzo nikazima habari zote. Nikaweka rangi ya kijani nyuma yake, kama sare ya kwaya yao. Chini ya mahali pa kutafutia nikabandika visanduku vinane kwa safu mbili, ili asihitaji kuandika anwani yoyote. Biblia. Redio ya injili. Nyimbo. Hali ya hewa. Kliniki yake ya presha. Bei za sokoni. Mishono ya nguo, ingawa alikuwa ameshaacha kushona.

Cha nane alikitaja mwenyewe, akitazama ukutani. Kuna watu wa kujitolea wanaoandika kwenye mtandao orodha ya miili isiyo na wenyewe. Hakuna picha. Ni jinsia, kimo, nguo, mahali ilipopatikana. Nilikiweka kwenye kona ya chini kulia, pale kidole gumba chake kinapofika bila shida.

"Umenipangia kama kabati ya vyombo," akaniambia, akacheka kidogo. Nakumbuka kicheko hicho kwa sababu vilikuwa vichache.

Ukoo mzima unajua Wafula alifuata nini Kihoto. Cherehani ya Mama. Tulipohama kwa haraka ilibaki juu ya meza, maji yakiwa magotini, na Mama aliililia kila siku hapa Nakuru. Wafula alikuwa bado Naivasha, akilala kwa rafiki yake. Jioni moja alikodi mashua ya kasia aingie kwenye nyumba yetu ya zamani, nayo ikapinduka kwenye mafunjo. Mwenye mashua aliogelea akatoka. Alichojua ni kwamba kijana alikuwa anaenda kuchukua kitu nyumbani. Mama akamalizia mwenyewe hicho kitu ni nini. Tangu siku hiyo hajashona hata kifungo.

Haikuwa cherehani.

Nilikuwa na mahojiano ya kazi hapa mjini. Walitaka vyeti halisi, na vyangu vilikuwa kwenye bahasha juu ya kabati la nguo, Kihoto. Nilimtuma Wafula. Alinipigia akasema upepo umechafua maji, afadhali aende asubuhi. Nikamwambia asubuhi nitakuwa nimechelewa. Kisha nikamwambia hivi, na ni maneno yangu yote, sikuongeza wala kupunguza: "Acha uoga, ni maji tu."

Kwenye mahojiano sikwenda. Na Mama nilimwachia mzigo huo aubebe, kwa sababu aliuinua mwenyewe kabla sijafungua mdomo, na kila siku niliyonyamaza ilifanya siku iliyofuata iwe ngumu zaidi.

Haya niliyaandika humu mwezi wa nne, chini ya kichwa "Vyeti." Usiku huohuo nilifanya upumbavu. Nilitaka rafiki mmoja tu asome, nikaweka kiungo kwenye status na kusahau kuwaficha watu wengine. Baada ya dakika kumi nikashtuka, nikafuta. Hakuna aliyesema lolote. Nikapumua.

Basi leo niliichomoa simu kwenye chaji. Nikabonyeza kisanduku cha nane, nikakishikilia, nikachagua Ondoa. Kikapotea. Chini pakatokea neno Tendua, lile linalokupa nafasi ya kujuta kwa sekunde chache. Sikujuta. Nilidhani nimemaliza.

Sikufikiria kwamba kivinjari hakiachi nafasi wazi. Ukiondoa kisanduku ulichobandika kwa mkono wako, chenyewe huleta ukurasa ambao mwenye simu huutembelea zaidi kati ya ile ambayo haikubandikwa. Kwa miezi yote hiyo visanduku vyangu vinane vilikuwa vimejaza meza. Leo ikapatikana nafasi moja, na kitu kikaja kuikalia.

Herufi V ndani ya duara. Chini yake: Vyeti.

Nilikigusa nikitumaini ni mambo ya serikali, vyeti vya kuzaliwa, cheti cha kifo ambacho Baba mdogo amekuwa akikizungumzia. Kilifunguka hapa. Kwenye blogu hii, kwenye maneno yangu, *acha uoga, ni maji tu*, na chini yake viungo vya yote niliyoandika baadaye.

Tendua ilikuwa imeshazimika.

Nikafungua historia ya kivinjari. Kila asubuhi, saa kumi na mbili na dakika chache, wakati nasikia kijiko chake kikigonga kikombe upande wa pili wa pazia: orodha ya miili, kisha blogu hii. Orodha, kisha blogu. Kurudi nyuma hadi mwezi wa nne, hadi usiku ule nilioweka kiungo. Anamtafuta mtoto mmoja, akimkosa anakuja kumwangalia mwingine.

Huyo ndiye mashine yangu.

Nikakumbuka mkutano wa ukoo wa mwezi wa nane. Shangazi mmoja aliuliza mbele ya watu, hivi huyu kijana alitafuta nini majini jioni. Mama akasema, "Ni cherehani yangu. Mimi ndiye nilimsumbua." Niliketi nyuma ya mlango nikashukuru Mungu kwamba hajui. Alikuwa ameshajua kwa miezi minne. Alisimama mbele ya mashemeji zake, ambao wengine hawajamwamkia vizuri tangu hapo, akasema jambo alilojua si kweli, ili wasije wakaniuliza mimi.

Nilikuwa bado nimeishika simu alipoingia, kitambaa kikiwa bado kimelowa mvua ya asubuhi. Alinyoosha mkono, nikampa. Akafungua. Kidole gumba kikashuka kwenye kona ile ya kulia na kusimama hewani.

"Baba mdogo alisema..."

"Najua ni Simiyu."

Alitazama kisanduku kile muda mrefu.

"Kumbe hii inaweza kaa hapa mbele," akasema. "Nimekuwa nikiizungukia mbali." Akafungia simu ndani ya mkoba wake. "Mmempa shemeji yangu kitu ya kula?"

Hayo tu. Akaenda jikoni.

Adhuhuri tuliketi sebuleni watatu. Mimi nilikuwa namenya viazi, Baba mdogo alikuwa anaandika ratiba ya Jumamosi kwenye karatasi. Maombi, nyimbo, salamu za kanisa. Kwetu, kabla jeneza halijashushwa, mtu aliyeongea na marehemu mwisho husimama na kueleza siku ile ilivyokuwa, hatua kwa hatua, mpaka mwisho. Isipoelezwa, watu huondoka makaburini wakinung'unika, na manung'uniko hayo hukaa kwenye familia miaka.

"Hapa naandika nani?" Baba mdogo akauliza.

Mama alijibu kabla hajainua kalamu. "Andika mimi. Ni cherehani yangu."

"Lakini wewe hukuongea na yeye siku hiyo, Mama Wafula. Simu yako si ilikuwa imelowa?"

"Andika mimi, Simiyu."

Hakunitazama. Baba mdogo akaandika jina lake. Kisha akatazama mikono yangu.

"Na huyu naye? Chuo kikuu walikufundisha kumenya hivi? Kiazi imebaki kama peremende."

Mama akacheka. Nami nikacheka. Hivyo ndivyo nilivyotumia nafasi yangu ya leo: nilicheka, nikachukua kiazi kingine.

Sasa ni saa kumi na moja jioni, mvua imerudi. Nimewaza mchana kutwa na sijui jibu: Mama ananilinda, au ananingoja? Labda kila asubuhi amekuwa akifungua ukurasa huu aone kama leo nimepata ujasiri, anakuta nimeandika kuhusu hali ya hewa, anafunga, anakunywa chai yake. Mwezi wa sita niliandika maneno mia nne kuhusu kuchoka. Alisoma. Akaniletea uji kitandani bila kueleza kwa nini, nami nikaandika siku ya pili kwamba hakuna mtu anayeniona.

Naona aibu nisiyoweza kuiandika vizuri.

Orodha ya miili sijairudisha. Kuhusu hilo Baba mdogo ana haki. Kutafuta lazima kuishe, na nadhani hata Mama amekubali, la sivyo angeniambia niirudishe. Lakini kisanduku kilichokuja mahali pake sikukiondoa, na kesho saa kumi na mbili kidole gumba chake kitakigusa kwa mazoea. Kwa mara ya kwanza naandika nikijua ni nani anayesoma.

Kwa hiyo, Mama.

Nitajaribu kuja jikoni kabla hujafungua hapa. Ukiona umefika mstari huu na sijaja, ujue nimeogopa tena. Niite kwa jina langu lote, kama ulivyokuwa ukiniita nikivunja kikombe. Nitakuja. Tutamwambia Baba mdogo pamoja, afute jina lako na kuandika langu. Akikataa, asifute. Jumamosi watakapokuita, usisimame. Kaa kwenye kiti chako na unishikie koti. Nitawaeleza kuhusu bahasha na simu aliyonipigia, na nitayasema maneno yale kama nilivyoyasema, mbele ya mashemeji zako wote, mbele ya mgomba uliovaa shati lake.

Cherehani ilibaki juu ya meza, Mama. Hakuna mtu aliyeifuata.