Treni Iliyoanguka Kwenye Kona

Mjukuu wangu Zaina,

Hapa Mafubira tu wazima, ila goti langu halipendi mvua. Unaniuliza kama umwambie mteja ubovu wa hizo treni za kuchezea mnazoletewa dukani kutoka ng'ambo.

Vita vilipokwisha nilikuwa nauza katika duka moja hapa Jinja, baba yako mgongoni, usingizi machoni. Likaja boksi la treni kama hizo. Kwenye reli iliyonyooka zilikwenda vizuri, kwenye kona zikaanguka. Mwenye duka akazificha reli za kona chini ya meza. "Ukifungua mdomo, huna kazi."

Akaja mzee wa Mbale, fundi wa reli, akamnunulia mjukuu wake moja. Alipofika mlangoni nikashindwa kuvumilia.

"Wewe, simama!"

Ah, Kiswahili changu cha kambini, cha kuamrisha kama askari! Mzee akainua mikono juu. "Afande, nimekosa nini?"

Watu dukani wakaangua kicheko, naye akacheka nao. Nikatoa reli za kona, treni ikaanguka mbele ya macho yake. Akaigeuza, akayasukuma magurudumu kwa kidole gumba. "Magurudumu imebanana tu." Akairudisha relini, ikapita kona.

Mwenye duka, jasho likimtoka, akamwambia achague nyingine.

"Hapana, bwana. Hii najua ugonjwa yake."

Kazini sikufukuzwa. Kesho yake nilimkuta mwenye duka mwenyewe akipanga reli za kona mezani.

Kula vizuri huko, mwanangu.

Bibi yako