Dagaa Waliozaliwa Watu Wazima

Jumatano, manyunyu tangu alfajiri. Dagaa wa jana wamelala chini ya turubali, hawajakauka, na mimi mwenyewe nimefura.

Nimechoka na samaki hawa. Miaka yote nawachemsha kwa maji ya chumvi, nawaanika, nawauza mpaka Bongwe, na sikujua kuwa siku moja watanigombanisha na mwanangu.

Mnaonisoma humu mnamjua Mwanamisi. Kama wewe ni mgeni, basi ni binti yangu, kifungua mimba, na anasomea mambo ya samaki chuo kikuu. Mimi nilikomea darasa la sita. Ni yeye aliyenifungulia ukurasa huu ili nipunguze kumchosha kwa simu. Nimeshashona dira la kuvaa siku atakapovaa joho, na hapa Msambweni hakuna mwanamke ambaye sijamwonyesha kitambaa chake.

Sasa joho lenyewe limo mashakani, na mkosi nimeuleta mimi.

Kazi yake ya mwisho ni dagaa hawa hawa. Anawapima urefu, anawapasua matumbo kutafuta mayai, kisha anatoa kichwani kijiwe kidogo kama chembe ya mchanga. Ndani ya kijiwe kile mna duru, kama za mti uliokatwa, na kwa duru hizo anajua samaki ameishi siku ngapi. Aliponionyesha mara ya kwanza machozi yalinitoka. Maisha yangu yote navunja vichwa vya dagaa nawatupia paka, kumbe natupa kalenda.

Kwa kuwa yuko mbali, alinipa kazi. Kila Jumatano, boti zikirudi, nimchotee dagaa bakuli moja, niwatie kwenye mfuko, niandike siku, niwagandishe. Tangu Idi ipite sijakosa hata wiki moja. Hata siku ile ya homa nilikwenda.

Juzi amerudi nyumbani uso umemshuka. Mwalimu wake amezitazama hesabu zake, akamwuliza, "Dagaa wa Msambweni huzaliwa watu wazima?" Katika mifuko yangu yote hamna mtoto hata mmoja. Wote warefu, wote wanono, wote wanang'aa.

"Mama, ulikuwa ukiwachota vipi?"

"Kwa mikono yangu hii miwili," nikamjibu kwa fahari. "Nawachagua mmoja mmoja."

Akaketi kwenye jamvi.

Jamani, ningefanyaje? Kwetu hata jirani akituma mtoto kuomba ndimu, unampa ile nzuri, iliyokaa vibaya unabaki nayo wewe. Leo mimi nipeleke chuo kikuu vidagaa vyembamba kama uzi, vilivyopukutika magamba, watu waseme mama yake Mwanamisi hana macho? Wadogo niliwatupa. Waliopasuka matumbo nikawatupa pia, kumbe samaki aliyekula akashiba ndiye anayepasuka upesi, na mwanangu alitaka kujua wamekula nini!

Amenieleza kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi zaidi. Dagaa huogelea na rika lake, asema. Ubavu wake unasikia maji yakitikisika jirani anapogeuka, naye anageuka papo hapo, na hakuna nahodha anayewaongoza. Aliyezidi wenzake kimo anaonekana, na anayeonekana ndiye anayeliwa. Wavu huzoa makundi mengi pamoja, ya wakubwa na ya wadogo, na yeye ayataka yote. "Wewe ukinichagulia, Mama, naishia kupima macho yako."

Nikamwambia sikumlea afanane na wenzake. Nilimlea aonekane.

Akacheka. Nikazidi kukasirika.

Amepewa mwezi huu tu kuleta samaki wa haki. Asipowapata, anangoja mwaka mzima.

Basi leo asubuhi tumeshuka bandarini pamoja. Sharti lake ni kwamba natia bakuli tengani bila kuona, nachota mara moja, sirudishi kitu. Sikujiamini kufumba macho, nikajifunga kanga usoni. Bi Rehema, ambaye hukaanga naye samaki, akaniona.

"Shoga, wacheza mwajificho na dagaa?"

"Nachota elimu. Wewe kaanga."

"Elimu ya taka hiyo! Hao hata paka wangu hawataki."

Nilipofungua kanga nilitamani kuwamwaga wote. Nusu ya bakuli ni vitoto, vinapitisha mwanga mpaka unauona uti wa mgongo kwa ndani. Katikati yao mmoja amepondeka, utumbo nje. Mkono wangu ukaenda wenyewe. Mwanamisi akaushika.

"Mama."

Nikamwacha mpondeka wa watu mahali pake.

Alilitazama bakuli lile kana kwamba nimempa dhahabu. "Hawa ndio niliowakosa," akasema. Miaka ishirini na mbili namtafutia kilicho bora, na sijawahi kumwona amefurahi hivi. Kwa bakuli la taka!

Nimeudhika, sifichi.

Na kuna linaloniuma kuliko mzaha wa Bi Rehema. Mwanamisi ameniuliza kama miaka ya nyuma vitoto vilikuwa vingi kama leo. Mimi, ninayejisifu kuwa najua samaki, nimekosa jibu. Nilivitupa bila kuvitazama.

Mchana nimempakulia wali. Kipande cha tumbo la samaki changu, kile chenye mafuta, nimemchagulia mimi, macho wazi. Hicho hakukipima. Amekila mpaka akalamba vidole.

Kesho anarudi chuoni na Jumatano ijayo nitachota peke yangu. Mkono huu uliozoea kuchagua, utanitii kama hayupo wa kuushika?