Ilani ya Kubomoa Choo

Alhamisi

Sahihi yangu iko mara mbili kwenye ilani ile, na ndiyo inayonitisha.

Choo cha umma ambacho ofisi yetu ya mipango miji ilijenga mtaa wa Mashimoni mwaka jana kimeketi katikati ya barabara tuliyoichora wenyewe kwenye ramani. Leo bosi alinituma nikipake X nyekundu, kisha nimkabidhi mwenye jengo ilani ya kubomoa. Mwenye jengo ni ofisi yetu.

"Basi jipe, halafu ujipokelee," bosi akasema. Nikatii: nikatia sahihi ya kutoa, kisha ya kupokea.

Mama Akinyi, anayekisafisha, alinicheka. "Kijana, mlijenga na kodi yetu, mnabomoa na kodi yetu. Sasa tukibanwa tuje ofisini kwenu?"

Mwenye jengo asipobomoa ndani ya siku saba, atashtakiwa. Akibomoa, ameharibu mali ya umma. Na jina lililoandikwa pale penye mwenye jengo ni langu.