Sufuria Uliyoyeyushia Risasi

Mama,

Akinyi hanisemeshi tangu Jumapili. Nimeona heri usikie kwangu kabla hajaja kaburini kunishtaki. Mdogo wangu huyo unamjua, hata nikimmegea samaki kidogo alikuwa akikuletea kesi.

Serikali imeleta kanuni za taka za kielektroniki na kemikali hatari. Betri zilizokufa, za gari na za sola, haziruhusiwi tena kupasuliwa nyumbani. Zinapelekwa kwa wakusanyaji wenye leseni. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuwaeleza watu wa soko la Pap Onditi. Nilisimama pale nikawaambia wasiyeyushe madini ya risasi jikoni, mbele ya wanawake uliowafundisha kazi. Mmoja akaniuliza, "Si ni hizo betri zilikusomesha wewe?"

Ni kweli, Mama. Ulifunga mlango ili upepo wa ziwa usizime moto, ukayeyusha risasi ya betri na kumimina vizito vya nyavu, nami nikipuliza makaa. Ukimaliza uliisugua sufuria kwa majivu mpaka inang'aa, na jioni tukapikia uji humo humo. Nani angeshuku sufuria safi hivyo? Daktari alipotuambia damu yako imejaa sumu ya risasi, mikono yako ilikuwa haiwezi tena kushika kijiko.

Baada ya matanga tuligawana vyombo vyako. Mimi nilichukua leso, Akinyi akachukua sufuria. Jumapili nikamkuta anampikia mtoto wake uji ndani yake. Nikamwambia aumwage. Akasema, "Hii ndio imebaki ya Mama. Unataka kuninyang'anya pia?"

Nikamnyang'anya. Nikaenda nayo nyuma ya nyumba, nikaitoboa kitako kwa msumari, mara tatu, nikilia kama siku tuliyokuzika. Mimi niliyepuliza ule moto, leo ndiye mwenye kanuni. Ninaona haya.

Na ninaogopa. Mtoto ana miezi minane, na uji huo ameunywa tangu aanze kula. Kesho nampeleka Kisumu akapimwe damu, Akinyi akitaka asitake. Nakuahidi sitaondoka pale bila majibu, hata yakiwa mabaya.

Wewe tulikupeleka tumechelewa. Pumzika, Mama. Mtoto nitambeba mwenyewe.

Binti yako,
Atieno