Chumba Kimeshachukuliwa

Tarehe 14, mwezi wa tatu. Leo natimiza miaka thelathini na tisa tangu nitoke nyumbani.

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na wanao wote uliowalea bila kuwazaa. Natumaini goti limepoa, na dawa za macho hujaziacha njiani kama kawaida yako. Mimi ni mzima, isipokuwa yale ya uzee, ambayo hayana mganga. Miguu inagombana na ngazi, na ngazi za hapa ni hamsini na mbili. Kila moja nimeshaipa jina lake la matusi.

Barua yako niliipata wiki sita zilizopita. Umesema chumba cha baba umekipaka chokaa, umetia kitasa kipya, na unaningoja. Umesema pia kwamba ile redio yake bado inaongea. Nimeisoma barua hiyo mara nyingi kuliko nilivyowahi kusoma kitabu chochote, na kila nikishika kalamu kukujibu, naiweka chini. Usidhani ni kiburi. Leo nitakujibu, ila univumilie nianzie mbali.

Uliniuliza siku zangu nashindaje. Nyingi nashinda kimya. Nina kikombe kimoja na viti viwili. Cha pili kinakaliwa na magazeti. Jirani wa mlango unaofuata tumeishi naye miaka kumi na mmoja, na mazungumzo yetu yote ukiyaandika hayajazi ukurasa: mvua, taka, na mvua tena.

Lakini Jumanne na Alhamisi naenda kazini. Usicheke, ni kazi ya kujitolea. Kuna asasi ndogo ya wananchi, vyumba viwili juu ya duka la viatu, inayowasaidia watu wanaonyimwa nyumba au kazi kwa sababu ya jina, dini, rangi au walikotoka. Mimi ni mpiga simu. Mtu akilalamika kwamba amenyimwa chumba, mimi ndiye ninayepiga kwanza, kwa lafudhi yangu hii hii unayoijua, na kuulizia chumba kwa adabu. Baada ya robo saa anapiga Mwalimu. Huyu ni mwalimu mstaafu, bibi mzaliwa wa hapa, mwenye ulimi wa pilipili. Naye anauliza maneno yale yale. Kisha tunaandika daftarini: siku, saa, mahali, na maneno kama yalivyosemwa, bila kutia chumvi. Mwalimu hunitania kwamba mimi ni chambo na yeye ndiye ndoana.

Fikiria, mdogo wangu: lafudhi iliyonikosesha kazi miaka yote, leo ndiyo ninayoitiwa kazini. Na kuna wiki ambazo wenye nyumba hao ndio watu pekee ninaozungumza nao. Wengine hunikatalia kwa sauti nzuri hata nasikitika simu inapokatika.

Mwezi uliopita alikuja muuguzi mmoja na mabegi yake mawili. Mama mwenye nyumba alikuwa amemwambia chumba kimeshachukuliwa, ilhali tangazo bado limebandikwa dirishani. Nikapiga. Yule mama alisikitika mno. Alisema laiti ningewahi kidogo tu, baba yangu, kimechukuliwa asubuhi hii hii. Akanitakia heri, akasema Mungu atanifungulia kwingine. Alipopiga Mwalimu, chumba kilikuwa wazi, kinapata jua la asubuhi, na angeweza kuja kukiona leo leo.

Asasi yetu haikimbilii mahakamani. Kwanza humwita mtu mezani. Mama yule alikuja amevaa viatu vya kutokea, mkoba magotini. Mwalimu akamsomea daftari, simu ya kwanza na ya pili. Nilidhani atakana. Hakukana. Alisema yeye si mtu mbaya, hajapata kumtukana mtu, ila watu wa kuja hawajulikani mwenendo wao na majirani wana midomo. Kisha akanigeukia mimi, akasema alidanganya kwa ajili yangu, ili nisiumie, maana kumwambia mtu kwamba chumba kimechukuliwa ni upole kuliko kumwambia hatukutaki.

Wote wakaningoja. Ndiyo desturi yetu pale: aliyepiga simu ndiye anayejibu. Mwalimu alinikanyaga mguu chini ya meza. Nikashindwa kufungua kinywa. Wakadhani nimeumia, nikaletewa maji, na yule mama akaanza kulia. Muuguzi alipewa chumba siku ile ile, na Mwalimu anasema kimya changu kilifanya kazi kuliko sheria. Hajui. Nilinyamaza kwa sababu maneno yale niliyatambua. Niliwahi kuyasema mimi, pamoja na upole wake wote.

Sasa nakuandikia kama tunavyoandika daftarini.

Siku: Ijumaa, miaka miwili kabla sijaondoka. Saa: kumi alasiri. Mahali: barazani kwetu. Baba alikuwa kitandani hajiwezi, mimi ndiye mkubwa wa nyumba. Wewe ulikuwa umekwenda kwa shangazi. Aliyekuja: fundi redio, yule ambaye jamaa zake tuliwaita watu wa kuja, ingawa walikuwa wameishi mtaani kwetu miaka ishirini. Alivaa koti, na jua lote lile. Mkononi alikuwa na redio ya baba, ameshaitengeneza. Alisema anaomba ruhusa alete wazee wake kukuposa.

Maneno yaliyosemwa, na mimi: "Umechelewa, ndugu yangu. Ameshaposwa wiki hii hii."

Nilimpa mkono. Nilimtakia heri. Alinishukuru kwa kumwambia kiungwana, akaiweka redio juu ya kiti, akaenda zake. Haukupita mwezi, akahama mji.

Hukuwa umeposwa na mtu yeyote. Uliporudi ukauliza mbona fundi haonekani, nilikujibu kwamba watu wa kuja ndivyo walivyo, huja na huondoka. Uliinama, ukaendelea kupiga pasi. Baadaye wakaja wachumba wawili, ukawakataa wote wawili, nami nikakuita mwenye maringo mbele za watu.

Sijui kama yu hai. Miaka yote hii nilijiambia kwamba nilikulinda. Ilibidi mimi mwenyewe niwe mtu wa kuja, nikataliwe kwa upole na nusu ya mji huu, na hata hivyo sikuelewa hadi siku ile mezani. Wewe umeiweka redio hiyo miaka arobaini na mmoja, ukiipangusa vumbi, ukidhani aliyeitengeneza alikuacha. Hakukuacha.

Nakujua, mdogo wangu. Nikifika mlangoni kwako utanisamehe kabla sijatua begi, kwa kuwa kwako mgeni hagombezwi. Msamaha huo nitakuwa nimeuiba. Afadhali unikasirikie kwa nafasi, ndani ya nyumba isiyo na mimi. Ukitaka kunijibu, nijibu. Usipotaka, sitauliza kwa nini.

Wasalimie wote, wakubwa kwa wadogo, na shangazi usisahau kumsomea zile sehemu za kuchekesha tu. Chumba cha baba kisikae bure. Mpe mtu anayetafuta pa kukaa, wala usimuulize katoka wapi.

Mimi sitarudi.

Kaka yako