Uzi Niliofungia Barua

Dada yangu mpenzi,

Kabla ya salamu, nakuomba: haya utakayoyasoma yaishie machoni pako. Usimsomee mama, usimdokezee shemeji, na ukimaliza uifiche barua mahali ambapo watoto hawapekui.

Sasa salamu. Hamjambo wote? Mgongo wa mama umepata nafuu, au bado anainama kufua huku akikudanganya kwamba amepumzika? Mimi ni mzima wa mwili. Nimechoka tu, dada, uchovu ambao nikilala nao naamka nao.

Unajua kwamba duka letu linapamba nyumba za watu. Siku hizi kila mteja anataka damu ya mzee pamoja na kijani cha zumaridi, kile kikali. Bosi huwaambia kwamba rangi hizo ni wake wenza. Ukiwagawia nyumba nusu kwa nusu watararuana, kwa hiyo mmoja atawale, mwingine apewe kona, na katikati uweke mbao au rangi ya maziwa ya kuwaamulia. Wateja hucheka, kisha huagiza. Mimi naandika oda, na kando ya kila mstari nabana kwa pini kipande cha kitambaa. Fundi hafuati maneno yangu, hufuata kipande. Bosi anasema mkono wa karani huteleza, kitambaa hakitelezi.

Fundi mwenyewe tunamwita Mama Pindo. Amekata vitambaa hapa miaka ishirini na sita. Nilipoanza kazi ndiye aliyenionyesha msumari wa kutundika koti, na mpaka leo hunimiminia chai kwanza, akidai kwamba nimekonda hadi tai inanizidi uzito.

Wiki mbili zilizopita tulipamba sebule ya mama mmoja mwenye kuta za damu ya mzee. Mapazia yalitakiwa yawe rangi ileile, mahameli mazito, na mito minne tu iwe ya kijani. Yakaja kinyume. Mapazia ya kijani, marefu hadi sakafuni, madirisha sita! Yule mama alisimama mlangoni akasema ameomba sebule, akaletewa tikiti maji lililopasuliwa. Wapakiaji walicheka mpaka wakakaa chini. Bosi hakucheka.

Karatasi ya oda ilipokaguliwa, kila kipande kilikuwa mahali pake. Mama Pindo akaapa kwamba alikata kama alivyobandikiwa. Bosi akamjibu kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza, kwamba macho yake yamefanya kazi ya kutosha, na Ijumaa hii aagane na wenzake.

Jana asubuhi alikuja mezani kwangu, amefumba kila mkono. Alifungua viganja, ndani mna vibiringo viwili vya uzi. Akaniambia kwa sauti ndogo kwamba sasa hata yeye hajiamini, kwamba anaona hiki ni chekundu na hiki ni kijani, lakini huenda ameshaanza kupofuka bila kujua. Mwanangu, aliniuliza, wewe mwenye macho ya ujana, hebu niambie ni kipi na kipi.

Dada, nilimkwepa. Nilisema bosi ananiita, nikaondoka. Vibiringo akaviacha mezani.

Wewe pekee unajua kwa nini. Wewe uliyeniandikia majina kwenye penseli za rangi ili watoto darasani wasinicheke tena kwa kuchora nyasi nyekundu. Nilipoomba kazi hii walinipima kusoma na hesabu, rangi hawakuniuliza, nami sikusema. Nyuma ya kila sampuli kuna namba, nikazikariri zote. Lakini yule mteja aliazima kitabu cha sampuli, kikarudi namba zikiwa zimebanduka. Mahameli yale mawili kwangu yalikuwa tope moja. Nikakisia. Nilikosea.

Na hilo silo baya zaidi. Simu ya malalamiko ilipoingia, karatasi ilikuwa mikononi mwangu. Nilichomoa pini mbili nikavibadilisha vipande nafasi, kwa kuwa nilishajua vimekaa kinyume. Sikuhitaji macho kwa hilo. Kwa pini mbili nimemfanya Mama Pindo ayashuku macho yake.

Kesho, Alhamisi, nitafika kabla ya duka kufunguliwa, nimweleze bosi yote mbele ya Mama Pindo. Naogopa, dada. Kazi itakwenda, hilo nalijua. Mama mwambie tu kwamba nitawatembelea mapema kuliko nilivyoahidi.

Nisalimie wote, na watoto uwabusu kwa niaba yangu.

Usipige tena simu ya ofisini. Mpigie mwenye duka la dawa chini ya chumba changu, namba yake nimeiandika nyuma ya bahasha. Mwambie unamtaka mpangaji wa juu, ataniita kwa kugonga dari kwa ufagio. Barua hii nimeifunga kwa uzi wa kibiringo kimojawapo, kile kilichokuwa katika kiganja chake cha kulia. Ukipiga, kabla ya kunigombeza, niambie uzi huo ni wa rangi gani. Aliniuliza, na jibu nataka nimpelekee mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Karani