Waya Isiyo Kwenye Mchoro

Jumanne, Mukuyuni.

Eti waya ya shetani! Baba mkwe amesimama nyuma yangu mchana kutwa katika duka langu la kutengeneza redio, ameshika mchoro wa redio yake ya zamani ya valvu kama Biblia. Mchoro hauna waya nyekundu. Redio inayo, na bila hiyo haiongei.

"Hiyo haijaandikwa. Toa!"

Kwetu muthoni, yaani mkwe, habishiwi. Nikaikata, redio ikanyamaza kabisa.

"Sasa tuiombee," akasema, akafunga macho.

Nikatia chuma cha kulehemu kwenye jiko, nikairudisha waya polepole. Alipofika "Amina", redio ikaanza kuongea.

Jumapili atatoa ushuhuda kanisani, nami nitaitikia. Naogopa tu asije akafungua kile kifuniko cha nyuma.

Afadhali maombi yake huwa marefu. Chuma changu huchelewa kupata moto.